Ganda kung'aa si hoja, likaguliwe ndani

Kanuni ya pili ya soka haina maneno mengi. Mpira uwe wa duara, mzingo wake sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450, na hewa iwe kati ya paundi 8.5 na 15.6 kwa inchi ya mraba. Refa anaubonyeza, anaudundisha, akiridhika kipute kinaanza. Ukipasuka katikati ya mechi, kanuni ina jibu lake: mchezo unasimama, unaletwa mwingine, refa anaudondosha, watu wanaendelea. Hakuna anayekimbizwa hospitali kwa sababu mpira umepasuka.

Upo mchezo mwingine ambao nao unategemea kitu chenye presha, ila presha yenyewe si ya kuchezea. Kwenye bunduki ya shabaha inayotumia risasi aina ya .308 Winchester, mojawapo ya zinazotumika sana katika mashindano ya masafa marefu, kikomo walichojiwekea watengenezaji wa Marekani ni paundi 62,000 kwa inchi ya mraba. Hiyo ni karibu mara 4,000 ya mpira uliojazwa hadi mwisho wa kanuni. Na kinachoiziba presha hiyo isimrudie mpigaji usoni ni kikopo cha shaba ya manjano, urefu wake kama kidole, ambacho mchezaji huyo huyo alikitumia juzi, akakitumia mwezi uliopita, na leo anakirudisha tena uwanjani.

Kikopo hicho ndicho ganda la risasi. Shabiki wa soka anaweza kuuliza, sasa hayo yanaingiaje kwenye kurasa za michezo? Yanaingia, kwa sababu namna walenga shabaha wanavyolikagua ganda lililokwisha kutumika ni jambo ambalo soka, pamoja na hela zake zote na makamera yake yote, bado linalikwepa.

Kwanza mchezo wenyewe. Hauonekani sana kwenye televisheni. Olimpiki haiuonyeshi, maana huko, ukiacha bunduki za kupiga visahani, zinatumika za upepo na zile ndogo za milimita 5.6, ambazo fataki yake imejificha ndani ya ukingo wa ganda. Likishapigwa limekwisha, halina kazi tena. Mashindano yanayohusika hapa ni ya risasi kubwa, yale ya Camp Perry kule Ohio, ya Bisley kule Uingereza, na ya viwanja vingi vya Canada, Australia na Afrika Kusini. Kuna daraja linaitwa F-Class, herufi F ikitokana na jina la Mkanada George Farquharson aliyelianzisha. Mtu analala kifudifudi, bunduki imewekwa kwenye egemeo, anapiga shabaha iliyo yadi 1,000 mbele yake. Ni mita 914, yaani viwanja karibu tisa vya soka vikipangwa goli kwa goli. Katika shabaha ya Marekani, duara la alama kumi lina upana wa inchi 10, sentimita 25 na kidogo. Mpira wa soka una upana wa sentimita 22. Kwa hiyo jamaa analenga kitu kilichozidi mpira kwa vidole viwili, akiwa umbali ambao mtu mzima anaonekana kama kijiti.

Kwa umbali huo kila kitu kinahesabika. Risasi moja ikitoka na kasi iliyopungua mita 10 kwa sekunde kuliko mwenzake, tundu linashuka kwa kiasi cha mpira mzima, na alama zimekwenda. Ndiyo maana wengi hawanunui risasi zilizojazwa kiwandani. Wanajaza wenyewe: wanachukua ganda, wanatia fataki mpya kwenye kitako, wanapima baruti, wanakandamiza kichwa cha risasi shingoni. Na ganda wanalolipenda zaidi si jipya. Ganda likishapigwa mara moja kwenye bunduki fulani linatanuka na kuchukua umbo la chemba ya bunduki hiyo, kama daluga iliyokwisha kukaa mguuni. Jipya litakaa, lakini halitakaa vile.

Halafu kuna hela. Baruti inaungua, fataki inaungua, kichwa kinakwenda zake kwenye tuta la mchanga. Kinachobaki mkononi ni ganda, na ganda ndilo lenye gharama kuliko sehemu nyingine zote. Kulitupa baada ya mara moja ni sawa na timu kuvunja mkataba wa mchezaji baada ya mechi ya kwanza. Wale wa mashindano ya bunduki zinazowekwa juu ya meza ndio wamepitiliza kabisa: wanakuja uwanjani na maganda machache, wanapiga raundi moja, wanarudi pembeni kwenye vimeza vyao, wanayajaza yale yale, wanaingia raundi inayofuata. Kikosi kimoja, mechi zote, bila benchi.

Hapo ndipo ngoma inapoanza, kwa sababu shaba ina kumbukumbu.

Ganda la risasi ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 za shaba na 30 za zinki. Lilichaguliwa kwa tabia moja: baruti ikiwaka, kuta zake zinatanuka na kuibana chemba kwa nguvu, gesi haipati pa kupita; presha ikishuka, kuta zinajirudi kidogo, ganda linachomoka bila ugomvi. Lakini halijirudi lote. Kila mlipuko unaliacha limenenepa kidogo na kurefuka kidogo. Mjazaji analisukuma kwenye kalibu ya chuma ili lirudi kwenye kipimo, na pale shaba inabanwa, haina pa kwenda ila mbele, kuelekea shingoni. Limenenepa, limebanwa, limerefuka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tano hivyo hivyo. Ile shaba inayosogea mbele inatoka mahali, na mahali penyewe ni ukutani, juu tu ya kitako, pale ambapo ganda zito linaanza kuwa jembamba. Panachimbika taratibu kwa ndani, kama nyumba inayoliwa na mchwa huku rangi ya nje ikiwa safi.

Bunduki iliyowahi kulionyesha jambo hili wazi kuliko zote ni Lee-Enfield ya .303, ile ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba na ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki waliijua kwa sura. Ilitengenezwa kwa vita vya matope na vumbi, kwa hiyo chemba yake iliachiwa nafasi ya kutosha ili risasi chafu nayo iingie. Ganda la .303 linashikiliwa na ukingo wa kitako chake, na mbele yake kuna uwazi. Juu ya hapo, komeo la bunduki hiyo linafunga kwa nyuma, na chuma kinakubali kunyumbuka kidogo mlipuko unapopiga. Mlipuko ukija, ganda linanyooka kuijaza ile nafasi. Kwa jeshi haikuwa shida, maana jeshi linapiga mara moja na kuacha ganda chini. Tatizo ni la mlenga shabaha wa leo anayeipenda bunduki ya babu. Akilirudisha ganda lote kwenye kalibu kila mara, baada ya mizunguko michache linakatika vipande viwili: kitako kinatoka na komeo, mwili unabaki umenasa ndani ya mtutu. Waliozoea bunduki hiyo wamejifunza kubana shingo tu na kuliacha bega lilivyo, ili ganda liegemee bega lake mwenyewe badala ya kunyooshwa upya kila safari. Kwa bunduki za kisasa wanaobana ganda zima nao wanapima, bega lirudi nyuma kiasi cha unene wa unywele, lisizidi hapo.

Kukatika si mara zote msiba. Mara nyingi inatoka pufu ya gesi, jamaa anashtuka, siku yake imeharibika. Lakini gesi ya paundi 62,000 ikipata upenyo haichagui pa kwenda, na jicho la mpigaji liko sentimita chache nyuma ya komeo. Watengenezaji wa bunduki wanatoboa matundu ya kuipunguza gesi hiyo pembeni kwa sababu wanajua siku moja itatoroka. Walenga shabaha nao wanavaa miwani, na si kwa urembo.

Sasa jinsi wanavyokagua. Macho yanaanza, lakini macho ni kama skauti wa kwanza tu, hana uamuzi wa mwisho. Ganda linafutwa, linazungushwa kwenye mwanga. Wanatafuta mstari unaong'aa uliozunguka mwili karibu na kitako. Si kila mstari ni hatari. Kalibu nayo inaacha alama yake, na wageni wengi wa mchezo wametupa maganda mazima kwa kuogopa alama ya kalibu. Ndiyo maana jicho peke yake haliaminiwi. Kinachukuliwa kijiwaya, hata kile cha kubania karatasi, kinanyooshwa, ncha yake inapindwa kidogo na kunolewa. Kinaingizwa kwa mdomo wa ganda hadi chini, halafu kinavutwa juu polepole huku ncha ikiukwaruza ukuta. Ukuta mzima unateleza. Penye mfereji ncha inadunda, inanasa, kisha inaachia. Kidole kinahisi kile ambacho jicho haliwezi kufika kukiona. Ncha ikidunda, ganda hilo limestaafu, hakuna rufaa.

Anayetaka uhakika zaidi anachukua ganda moja la kundi, analipasua kwa msumeno toka juu hadi chini, anatazama unene wa ukuta. Amepoteza moja ili ayajue mengine. Na akiukuta mfereji kwenye hilo moja, swali halibaki kwa hilo moja. Maganda yote yaliyonunuliwa siku moja, yakapigwa kwenye bunduki moja mara sawasawa, yamezeeka pamoja. Wazoefu wanalitoa kundi zima. Linauma, lakini wanalitoa.

Shingo nayo ina kesi yake. Kila safari inapanuliwa na mlipuko, inabanwa na kalibu, inapanuliwa tena na kichwa kinachoingia. Shaba inayofanyiwa hivyo inakuwa ngumu, na shaba ngumu inapasuka. Ufa wa shingoni unaonekana kama unywele mweusi. Ukionekana, ganda linatupwa. Wapo wanaochelewesha siku hiyo kwa kuipasha shingo moto kwa sekunde chache ili ilainike. Ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, kwa kuwa moto huo ukishuka hadi kwenye kitako umelilainisha pale panapotakiwa kuwa pagumu kuliko pote, na ganda la kitako laini ni la kukimbia.

Urefu unapimwa kwa kalipa. Ganda la .308 halitakiwi kuzidi milimita 51.18. Likizidi, mdomo wake unagonga mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi kisitoke kwa wakati, presha inapanda bila mtu kuongeza hata chembe ya baruti. Linakatwa ncha, linaendelea. Tundu la fataki linapimwa kwa mkono: fataki mpya ikiingia kwa kukaza, safi, ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu, kitako kimetanuka, na hapo hakuna fundi. Mambo haya mengine ni ya haraka, dakika chache kwa ganda. Linalochukua muda ni daftari.

Ndiyo, daftari. Mlenga shabaha makini ana kisanduku chenye maganda 50 na karatasi juu yake: yamenunuliwa lini, yamepigwa mara ngapi, mara ya mwisho shingo ilipashwa lini, yalikatwa lini. Hakuna namba moja ya kudumu inayosema ganda linakufa mara ya ngapi. Linategemea chemba, baruti, kalibu na mkono wa mjazaji. Wengine hawafiki mara tano, wengine wanavuka mara ishirini. Lakini asiyehesabu hajui hata aanze lini kuogopa. Ligi ngapi za soka zinaweza kumwonyesha mtu karatasi ya aina hiyo kuhusu msuli wa paja wa kiungo aliyecheza mechi tatu ndani ya siku nane?

Kuna kisa cha zamani kinachofaa kukumbukwa, maana kinaonyesha ganda linaweza kufa hata bila kupigwa. Wakati wa utawala wa Waingereza kule India, jeshi lilihifadhi risasi kwenye mabanda ya farasi msimu wa mvua. Mvua ilipokatika na risasi kutolewa, maganda yalikutwa na nyufa. Hayakuwa yamefyatuliwa, hayakuwa yameanguka. Maelezo kamili yalikuja kupatikana mwaka 1921: mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia inaishambulia shaba iliyobeba mkazo wa kiwandani, na unyevu unaisaidia kazi. Shaba isiyo na mkazo haikupasuka, wala shaba isiyokutana na amonia. Vilipokutana viwili ndipo ufa ulipotokea. Tangu hapo viwanda vinayapasha moto maganda ili kuyaondolea mkazo, na hadi leo mlenga shabaha anayejua historia hasafishi maganda yake kwa dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia. Linatoka linameta kama kombe la ubingwa, na pengine ndiyo siku limeanza kuoza.

Balaa kubwa la mchezo huu, hata hivyo, ni ganda la mtu mwingine. Marekani kuna soko kubwa la maganda yaliyotumika, na neno linalouza ni moja: yamepigwa mara moja tu. Muuzaji anaapa. Yamesafishwa, yanang'aa, bei nzuri. Hana daftari.

Mashabiki wa soka la vijana wanaujua wimbo huo vizuri sana. Mchezaji ana miaka 16, hati inasema, kocha anasema, mjomba anasema. Ana ndevu, lakini hati inasema. Serengeti Boys walifuzu fainali za vijana za Afrika za mwaka 2005 kisha wakaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji, na nchi nzima ikabaki imeshika tama. FIFA walipochoka kusoma hati, kuanzia Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009 nchini Nigeria walianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono. Wanaangalia kama ncha ya mfupa imekwisha kuungana. Ikiwa imeungana kabisa, hati ya kuzaliwa ibaki na mwenyewe. Picha ile inafanya kazi ile ile ya waya wa mlenga shabaha: inaacha kusikiliza maneno na kwenda kugusa ndani. Tofauti ni kwamba soka lilihitaji miaka mingi ya aibu kufika hapo, wakati mlenga shabaha anayenunua maganda sokoni anaingiza waya siku hiyo hiyo, kabla hajalala.

Kwa nini yeye ni mwepisi hivyo? Si kwamba ana maadili kuliko viongozi wa soka. Ni kwa sababu uso utakaokuwa nyuma ya komeo ni wake. Mkaguzi, mwenye mali na mtu atakayeumia ni mtu mmoja. Hawezi kumwandikia mwenzake barua ya kumkumbusha, hawezi kuunda kamati, hawezi kusema bajeti itapatikana msimu ujao.

Kwenye soka watu hao ni watatu, na hawakai jukwaa moja. Tarehe 11 Mei 1985, uwanja wa Valley Parade mjini Bradford, Uingereza, jukwaa la mbao liliungua dakika chache tu baada ya moto kuonekana, wakati Bradford City wakicheza na Lincoln City. Walikufa watu 56. Chini ya mbao zile kulikuwa na takataka za miaka na miaka zilizodondokea kwenye nyufa. Jukwaa lilikuwa limekwisha kupangiwa kubomolewa na kujengwa upya msimu ukiisha, na barua ya mamlaka ya eneo hilo iliyoonya kuhusu takataka na kipisi cha sigara ilikuwa imeandikwa mwaka uliotangulia. Yaani waya ulikuwa umeingizwa, ncha ikadunda, na ganda likarudishwa kwenye chemba kwa sababu ilikuwa imebaki mechi moja tu. Siku hiyo timu ilikuwa inakabidhiwa kombe la daraja lake. Uwanja ulikuwa unameta.

Viwanja vya Afrika Mashariki navyo vinakaguliwa, vyeti vinatolewa, msimu unaanza. Mashabiki wanaokaa kwenye zege lenye nyufa, au wanaopandishwa juu ya mabomba yaliyofungwa kwa waya siku ya mechi kubwa, hawajawahi kuona daftari la jukwaa hilo: limejaa mara ngapi, limepimwa lini, nani aligusa nguzo kwa ndani. Wanaonyeshwa rangi mpya. Magoli ya kubebeka yanayowekwa kwenye viwanja vya watoto bila kufungwa chini yamewahi kuua watoto katika nchi zenye hela nyingi kuliko hizi, na bado kila mtaa una goli la namna hiyo limeegemezwa tu.

Pendekezo la kuanzia lipo, na halihitaji fedha za wafadhili. Yeyote anayesaini cheti kwamba jukwaa fulani liko salama, siku ya mechi kubwa ya kwanza akae kwenye jukwaa hilo, safu ya katikati, na familia yake. Si jukwaa kuu lenye viti vya sponji. Lile lile alilolisainia. Na daftari la ukaguzi libandikwe getini, mashabiki walisome wakiwa kwenye foleni ya tiketi. Atakayeona masharti hayo ni magumu atakuwa amesema kila kitu kuhusu saini yake.

Walenga shabaha wenyewe wana ubishi wao ambao haujaisha. Kwenye mashindano mengi ya Bisley, kwa mfano, wapigaji wanagawiwa risasi za aina moja ili atakayeshinda ashinde kwa jicho na mkono, si kwa meza yake ya kujazia. Wengine wanaona kujaza ni sehemu ya ufundi, kama kocha anavyoandaa kikosi wiki nzima. Hoja ya pili ina uzito zaidi. Anayegawiwa anajifunza kupiga. Anayejaza analazimika pia kujua kitu alichokishika kimepitia nini. Hata hivyo mwenye mashindano ana haki ya kutaka uwanja ulio sawa kwa wote, na ubishi huo utaendelea kwenye vibanda vya chai vya Bisley kwa miaka mingine mingi. Nchini Tanzania suala hilo halijafika hata mlangoni. Risasi ni mali ya kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kijana anayeokota ganda porini hana ruhusa wala sababu ya kulijaribia lolote nyumbani.

Ganda lililoshindwa ukaguzi, kwa wanaolijua jambo hili, halirudishwi kisandukuni wala haliachwi mezani, kwa kuwa kesho mtu anaweza kulichanganya na mazima. Mwenyewe anachukua koleo, anaibana shingo mpaka inalala, kisha analitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na kwenye karatasi ya kisanduku anafuta 50, anaandika 49.